Wiski Aliyoionja kwa Pua

Kazini walimwita Dada Pua, na mwenyewe alilizoea jina hilo mpaka akawa analiitikia haraka kuliko lile alilopewa na wazazi. Pua yenyewe haikuwa na ajabu yoyote kuitazama. Ila ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kampuni yao ilikuwa inaagiza wiski kutoka ng'ambo, inaihifadhi kwenye mapipa, inaichanganya na kuitia kwenye chupa, na yeye alikuwa mmoja wa watu watatu waliolipwa kuinusa, kuionja, na kusema kama inafaa kwenda sokoni.

Alianzia chini, kwenye mkanda wa chupa zilizooshwa, ambako kila mara alikuwa anatenga chupa fulani pembeni akisema bado zinanuka sabuni. Msimamizi alidhani anatafuta namna ya kupumzisha mikono. Mchanganyaji mkuu, mwanamke mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, akapita siku moja, akazinusa zile chupa, akaondoka naye. Kuanzia hapo akamfundisha, tena polepole: namna ya kuiendea glasi bila pupa, mdomo ukiwa wazi kidogo ili ukali wa pombe usiichome pua, namna ya kudondoshea maji kidogo ili harufu zijifungue, namna ya kuchukua funda dogo, kulipitisha juu ya ulimi na kwenye mashavu, kisha kulitema kwenye ndoo. Kutema ndiyo ilikuwa sheria. Shangazi alikuwa akisema mwonjaji anayemeza hafiki saa ya chakula akiwa bado anajua tofauti ya wiski na chai.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa majokofu, mtu mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mtoto hawakuwa naye. Mimba mbili ziliingia na mbili zikatoka. Ya kwanza ilitoka mapema, walipokuwa ndiyo kwanza wameanza kuwaambia watu. Ya pili ilikaa, wakaamini, wakawaambia ndugu wa pande zote mbili, mama mkwe akaanza kufuma sweta dogo la njano. Nayo ikatoka sweta likiwa limebaki mikono tu. Baada ya hapo kuna wazo lilijijengea nyumba kichwani mwa Dada Pua. Hakumwambia mtu, maana alijua likisemwa kwa sauti litachekwa. Wazo lenyewe ni kwamba, alipofungua mdomo kuzitangaza ndipo alipoziharibu.

Kwa hiyo siku aliposimama kwenye choo cha wanawake pale kazini, akaiona mistari miwili kwenye kile kipimo cha dukani, hakufurahi. Akakaa juu ya kifuniko cha choo akiwa amekibana kile kipimo kifuani, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa mtoto. Kilikuwa meza ya kuonjea. Wiki zote hizo ambazo hakujua, alikuwa amekaa pale anaonja, asubuhi baada ya asubuhi. Alikuwa anatema, ndiyo. Lakini mdomo si chupa. Kuna kinachobaki.

Alikwenda zahanati ya mbali, sio ile ya mtaani kwake, akamweleza mkunga kila kitu. Mkunga alikuwa mama mnene asiye na haraka, na hakumbembeleza. Akamwambia kwamba hata anayetema kuna kidogo kinachopita. Kwamba yaliyopita yamepita na huenda yalikuwa machache mno, lakini yeye hawezi kumtajia kiasi cha pombe kilicho salama, kwa hiyo kuanzia leo asitie mdomoni hata tone. Kwa historia yake, apunguze kubeba vitu vizito, ale, alale. Akiona damu au akisikia maumivu, aje mbio. Dada Pua aliitikia yote kwa kichwa. Alipotoka nje alisimama kando ya ukuta muda mrefu, mkono mdomoni, kama mtu anayejizuia kutapika, naye hakuwa anatapika. Alikuwa anauziba ule mdomo tu.

Mumewe hakumwambia. Mimba ya pili ilipotoka, yule bwana alikuwa amejifungia kwenye karakana yake na jokofu bovu, akalifungua na kulifunga lilelile siku nzima bila kulitengeneza. Dada Pua aliona hana roho ya kumfanyia hivyo tena. Akapiga moyo konde, akanyamaza.

Kilichomchanganya zaidi ni pua. Mimba iliinoa mpaka ikawa wembe. Alikuwa ananusa chuma kwenye maji ya bomba. Ananusa penseli iliyochongwa chumba cha pili. Mumewe akiingia mlangoni, alikuwa anajua kabla hajamwona kama leo ametengeneza jokofu la buchani au la duka la maua, na alikuwa anageuza uso pembeni huku akijisingizia mafua. Mume alianza kuoga kabla ya kusalimia. Hakuuliza kwa nini.

Kazini alijifunza kudanganya. Alikuwa anaufunga mdomo vizuri, anainamisha glasi mpaka wiski ikaribie midomo, anaishusha, anajipangusa kwa kitambaa, anatema mate yake mwenyewe kwenye ndoo. Kisha anaandika alama kwa kile alichokinusa. Kwa wiski za kila siku hilo lilitosha. Alizijua kama anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Lakini kila glasi ilipopanda kuelekea usoni, kijasho chembamba kilimtoka chini ya koti jeupe. Akirudi kwenye sinki alikuwa anasugua midomo kwa maji mpaka inawaka.

Ndipo ikafika bourbon.

Hii ni wiski ya mahindi, inayolazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto, na ile waliyokuwa nayo ilikuwa imelala miaka mingi kuliko yoyote iliyowahi kuingia ghalani mwao. Mapipa yalikuwa machache. Mpango ulikuwa kuichanganya na bourbon changa kidogo ili ile kongwe itoe kina na ile changa itoe uchangamfu. Shangazi alikuwa ameupika mchanganyiko huo kwenye chupa ndogo ndogo kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amebakiwa na vipimo vitatu vya kuchanganyia. Watu wa mezani wangechagua kimoja, kisha mapipa yangefunguliwa na kumiminwa kwenye tangi moja kubwa. Yakishamiminwa, hakuna kurudi nyuma. Pipa moja bovu likiingia, limeingia kwenye yote.

Walikaa asubuhi, wakati pua bado hazijachoka: Shangazi, Dada Pua, na yule mtaalamu wa maabara waliyemwita Bwana Vipimo kwa sababu hata chai yake aliitia kipimajoto. Meneja naye alikuja, akakaa mwishoni mwa meza na simu yake imelazwa kifudifudi. Kila mmoja aliwekewa sinia lake lenye glasi tatu zilizofunikwa. Chumba kilikuwa cheupe, hakina pazia wala maua, na watu wote walikuwa wamekatazwa manukato.

Dada Pua alifunua glasi ya kwanza. Harufu ilimjia mara moja, akashtuka kwa uzuri wake. Vanila, sukari iliyoungua, zabibu kavu, tumbaku ambayo haijawashwa, na chini yake mbao, mbao za kale zenye joto kama dari la nyumba wakati wa jua kali. Kwa nukta chache alisahau kuogopa. Kisha, nyuma ya yote hayo, ikaja nyingine. Harufu ya unyevu. Kadibodi iliyoloa. Kabati lisilofunguliwa.

Aliiweka glasi chini. Akafunua ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu, vilevile. Ukungu ndani ya wiski ya mapipa maana yake kuna ubao ulioharibika mahali, na kama uko kwenye vipimo vyote vitatu, basi uko kwenye bourbon kongwe yenyewe. Akawatazama wenzake. Shangazi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Bwana Vipimo alikuwa anaandika, hana habari.

Akinyamaza, na ukungu uko, wataharibu tangi zima, na kazi ya Shangazi ya miaka yote itaishia kwenye mfereji. Akisema, na ukungu haupo, basi ni tumbo lake linalonusa, si pua yake; na tangu lini? Alama zote alizoandika majuma haya zilikuwa za nani?

Shangazi alimtazama, akamuuliza ameona nini. Dada Pua akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anasikia ukungu.

Bwana Vipimo alieleza, bila kiburi, kwamba vipimo vyake havikuonyesha kitu, ingawa kuna harufu ambazo mashine yake haizioni na pua inaziona. Shangazi alinusa tena glasi zake, akasema yeye hapati. Meneja akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: ukungu si unajitokeza zaidi mdomoni? Basi Dada Pua aonje vizuri, ashikilie funda kwa muda, athibitishe. Wakinyanyuka mezani wawe na hakika.

Wote walimgeukia. Sasa hapakuwa na nafasi ya kujipangusa na kutema mate.

Aliinua glasi. Ukingo uligusa mdomo wa chini. Alisikia ukali ukimpanda puani, machozi yakamlengalenga, na akajiona tena kwenye kile kitanda cha hospitali, mara ya pili, daktari akizima mashine ya kumtazamia mtoto. Funda moja. Angelitema. Nani angejua? Alifungua meno kidogo.

Kisha akaishusha glasi, akaisukuma mbali naye.

"Sionji," alisema.

Meneja alidhani hakusikia vizuri. Shangazi alimtazama Dada Pua usoni, akashusha macho mpaka kwenye mkono wake mwingine, ambao ulikuwa umelala juu ya tumbo bila mwenyewe kujua. Akavua miwani. Akasema pua zimechoka, wapumzike kidogo, kisha akamshika Dada Pua kiwiko na kumtoa hadi kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mwanangu, una nini?"

Maneno yalimtoka Dada Pua kwa pamoja, yamebanana: "Nina mimba, Shangazi. Na nikisema, inatoka. Zote nilisema. Sasa nimesema tena."

Akaanza kulia kwa kwikwi, amejikunja kama mtu aliyepigwa. Shangazi hakumkumbatia mara moja. Alifungua bomba, akalowesha kitambaa, akampangusa uso, hasa midomo, kama anavyopanguswa mtoto aliyekula udongo.

"Mimba haina masikio," alisema. "Haisikii unachosema. Ungeniambia mapema, nisingekuwekea hata glasi moja mbele yako."

Akamwambia kwamba kuanzia leo atanusa tu, na atakayeuliza atajibiwa na yeye. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akarudi kwenye wiski. Akauliza ukungu wenyewe unanukaje. Dada Pua, bado anavuta kamasi, akasema kadibodi. Kadibodi mbichi. Shangazi akasimama akifikiri, kisha akatoka, akarudi na glasi yake mwenyewe kutoka mezani, akampa anuse. Dada Pua akainusa mara mbili. Haikuwa na ukungu. Ilikuwa wiski ileile, safi, na ule utamu wa sukari iliyoungua peke yake.

Wakaenda pamoja kwenye kabati la glasi. Rafu za juu hazikuwa na neno. Rafu ya chini, ambako glasi za sinia la Dada Pua zilitolewa asubuhi, ilikuwa imetandikwa kadibodi ya boksi la sabuni, na glasi zimepangwa juu yake kifudifudi. Shangazi aliinua pembe ya kadibodi. Ilikatika mkononi kama mkate ulioloweshwa. Bomba lililopita nyuma ya ukuta lilikuwa linavuja. Kila glasi iliyolala pale ilikuwa imefungia pumzi ya unyevu tumboni mwake. Bourbon haikuwa na kosa. Shangazi alianza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mlango wa kabati, akisema nusura wamwage mali ya watu kwa sababu ya boksi la sabuni.

Dada Pua alitaka kucheka naye. Alikuwa ameinama kuangalia rafu, na alipojiinua alisikia kitu kikimvuta chini ya kitovu, kisha joto likimshuka mguuni. Hakuhitaji kuangalia. Alilijua lile joto.

"Shangazi," alisema taratibu. "Si nilikuambia?"

Gari la kampuni lilimpeleka hospitali. Shangazi alikaa naye kiti cha nyuma, bado na koti jeupe, akimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Njia nzima Dada Pua alikuwa amebana mapaja, anahisi kila tuta, na kichwani alikuwa anaongea na mtu mmoja tu, akimwomba asimame hapohapo alipo, asitoke, asimsikilize mama yake, mama yake ana mdomo mrefu.

Walimlaza chumba chenye pazia la plastiki. Walimuuliza maswali yaleyale anayoyajua. Mumewe alifika amevaa ovaroli, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Shangazi alikuwa amempigia simu na kumweleza yote kwa sentensi tatu. Mume alisimama miguuni pa kitanda bila kumgusa, anaogopa kumchafua.

"Tangu lini?" aliuliza.

Alimwambia.

Yule bwana alitikisa kichwa. Alichokisema baadaye Dada Pua alikitunza miaka yote, ingawa hakikuwa kitu kikubwa. "Kumbe ulikuwa unaogopa peke yako," alisema. "Ungeniita, tukaogopa wote."

Mkunga mwembamba aliingia na mashine ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akampaka mafuta ya baridi tumboni. Akaanza kutafuta. Mashine ilitoa mvumo wa redio isiyopata stesheni. Alisogeza kushoto. Mvumo. Alisogeza chini, akakandamiza, akatega sikio, akakunja uso. Dada Pua aliutazama ule uso na kuusoma kama mtu anayesoma hukumu yake. Mumewe alikuwa ameukamata mguu wake kwa mkono wenye grisi, keshasahau uchafu. Mvumo, mvumo tu. Dada Pua alifumba macho. Alisikia harufu ya dawa ya kuua vijidudu, ya grisi, ya jasho la Shangazi mlangoni, na ya damu yake mwenyewe, kila moja peke yake, na hakuna hata moja iliyomwambia alichotaka kujua.

Kisha ikaingia sauti ndogo, ya haraka, kama cherehani ya mtu aliyechelewa kumaliza nguo ya harusi.

Mkunga hakutabasamu. Alisema tu, "Huyu hapa," akaendelea kuandika. Akaeleza kwamba damu imetoka pembeni ya mfuko wa mimba, mtoto yuko hai, lakini hamwahidi mtu kitu. Alale, asiamke ovyo, waangalie. Mumewe aliketi sakafuni. Ile sauti iliendelea kidogo, halafu mashine ikazimwa, na Dada Pua akaanza upya kuogopa, kwa sababu sasa haisikiki.

Hivyo ndivyo miezi iliyofuata ilivyopita. Alilala kitandani kwao dirisha likiwa wazi, mumewe akipika vibaya, mama mkwe akija na kuondoka bila kufuma kitu chochote, naye pia amejifunza. Kila alipokwenda chooni alikuwa anaomba kabla ya kuangalia. Shangazi alikuja mara kwa mara, anaoga kwanza, anakaa mbali, anamsimulia jinsi bourbon ilivyomiminwa kwenye tangi na kupumzika humo. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, msichana, mdogo kiasi cha kulala kwenye mkono mmoja wa fundi wa majokofu na kuacha nafasi. Alikaa kwenye kisanduku cha joto hospitalini, wazazi wake wakimtazama kupitia kioo, hawathubutu kumpa jina. Alipotoka humo walimpa majina mawili, kwa kujihami.

Dada Pua alirudi kazini mtoto alipokwisha kuacha ziwa. Aliogopa siku hiyo pia, kwa jambo jingine. Ule wembe ulikuwa umeondoka. Dunia ilikuwa kama imefunikwa blanketi, na hakujua tena kama pua aliyobaki nayo ni ile ya zamani au ni pungufu. Shangazi alimwekea glasi moja, safi, akammiminia ile bourbon. Hakumwambia wengine wameipa alama gani.

Alinusa kwa muda mrefu. Vanila ilikuwapo. Zabibu zilikuwapo, hafifu, akazingoja zikaja. Akadondoshea maji. Halafu, kwa mara ya kwanza, akaitia mdomoni. Ilikuwa nzito, laini, tamu mwanzoni, ikafunguka katikati kama mdalasini na ngozi ya kiti cha zamani. Ilipofika nyuma ya ulimi mbao zikasimama, zikakausha kinywa, zikakaa kupita kiasi. Akatema. Akaandika alama nzuri, ila si nzuri sana.

Shangazi alisoma karatasi, akauliza kwa nini amempunguzia. Dada Pua akamjibu kwamba ile kongwe imezidi kidogo, mwisho wake ni mkavu. Shangazi akaonja tena, akasema ukavu huo ndio umri wenyewe, kama hautaki basi akanywe juisi. Wakabishana hivyo, kila mmoja hakubali, Bwana Vipimo akiwa katikati anatafuta namna ya kuupima ukavu.

Simu ililia kwenye mkoba. Dada Pua aliona ni mumewe, na moyo ukamruka kama siku zote, akaipokea akiwa ameshasimama na koti nusu limevuliwa. Mumewe alikuwa anauliza kijiko kidogo cha mtoto kiko wapi. Akamwambia kiko kwenye kikombe cha bluu. Akakata simu, akalirudisha koti mabegani, ndipo akakaa na kuvuta glasi nyingine.